Basi la saa sita na nusu usiku: kugeuza tarehe na saa kuwa maandishi bila kumwacha abiria kwenye steji

Swali: Habari ya kazi, mwalimu. Ninaandika mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kampala, Kigali na Juba. Abiria anakata kwenye tovuti au kwa ujumbe mfupi. Nina shida tatu. Tiketi za basi la 00:30 zinatoka na tarehe ya jana yake. Abiria akiandika "saa nne usiku", mfumo unamwekea 04:00. Na orodha ninazoletewa na mawakala zina tarehe kama 05/04/2024, ambazo mara zinaingia Aprili, mara Mei. Je, hakuna fomati moja niitumie kila mahali nipumzike?

Jibu: Dada yangu, fomati ipo na nitakupa, lakini peke yake haitakupumzisha. Shida zako tatu zina mzizi mmoja: unabeba tarehe kama maandishi safari nzima, kutoka kwa abiria hadi kwenye hifadhidata na kurudi kwenye tiketi. Maandishi ni ya mlangoni. Yakiingia, yageuze papo hapo kuwa wakati ambao programu inauelewa, kwa fomati uliyoitaja wewe mwenyewe. Ndani usiyashike tena. Yakitoka kwenda kwa mtu, yaandike upya kwa lugha na kwa saa ya mtu huyo.

Tuanze na basi la 00:30, maana ndilo linalomfikisha mama River Road usiku na watoto na mizigo, akaambiwa basi lake liliondoka jana.

Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, mwaka mzima, na hatusogezi saa zetu kiangazi wala masika. Seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye UTC. Basi linaloondoka Jumamosi, Aprili 13, 2024, saa sita na nusu usiku hapa kwetu, kwa seva linaondoka Ijumaa, Aprili 12, saa 21:30. Maelezo yote mawili ni sahihi, kwa kuwa yanataja nukta ile ile ya wakati. Kosa linaingia pale unapokata kipande cha tarehe kabla hujairudisha saa Nairobi. Nina hakika mahali fulani kwenye msimbo wako kuna mstari unaofanana na huu:

```
new Date(2024, 3, 13).toISOString().slice(0, 10)
```

Uendeshe kwenye kivinjari ukiwa hapo Nairobi. Utapata 2024-04-12. (Ile 3 ni Aprili, JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0.) Kivinjari kilitengeneza saa sita kamili usiku ya Nairobi, kisha `toISOString` ikaipeleka UTC, ambako bado ilikuwa saa 21:00 ya tarehe 12, nawe ukachukua herufi 10 za mwanzo. Kila basi linaloondoka kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa tisa usiku litatumbukia humo. La saa nne usiku litapita salama, na ndiyo sababu kasoro hii ilikaa kimya mpaka mlipoongeza basi la 00:30.

Dawa ni kuutaja ukanda wa saa waziwazi, kila unapoingia na kila unapotoka. Kwa Python, kuanzia toleo la 3.9, huhitaji maktaba ya nje (kwenye Windows tu utaongeza kifurushi cha `tzdata`):

```
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

nairobi = ZoneInfo("Africa/Nairobi")
ondoka = datetime(2024, 4, 13, 0, 30, tzinfo=nairobi)
ondoka.isoformat()
```

Mstari wa mwisho unakupa `2024-04-13T00:30:00+03:00`. Hii ndiyo fomati uliyoniomba. Ni ya kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na mwaka 2002 kikafuatiwa na RFC 3339, waraka wa viwango vya intaneti, ambayo iliupunguza wingi wa njia zake kwa matumizi ya intaneti. Itumie mashine inapozungumza na mashine: kati ya tovuti na seva, kwenye faili za kumbukumbu, kwenye mafaili unayobadilishana na mawakala. Mwaka unatangulia, kwa hiyo 05/04 haina pa kujificha, na ukiyapanga maandishi ya ukanda mmoja kwa alfabeti yanajipanga pia kwa wakati. Ukiona Z mwishoni badala ya +03:00, maana yake ni UTC. Python ya kabla ya 3.11 huikataa Z hiyo kwenye `fromisoformat`, hivyo usishangae msimbo unaofanya kazi kwenye kompyuta yako ukigoma kwenye seva ya zamani.

Kuna jambo ambalo fomati haiwezi kukufanyia, nalo ni kukuambia umeshika kitu gani. Saa ya basi kuondoka ni nukta ya wakati: dunia nzima inaipitia pamoja. Tarehe ya kuzaliwa ya abiria si nukta. Ni siku tu kwenye kalenda, haina saa wala ukanda. Na "kila siku saa 22:00" kwenye ratiba yenu ni saa ya ukutani, haina tarehe mpaka mumpangie abiria safari. Vitu hivi vitatu vikae kwenye safuwima za aina tatu tofauti. Ukiihifadhi tarehe ya kuzaliwa kama nukta ya wakati, JavaScript itasoma "1990-06-15" kama saa sita usiku ya UTC. Hapa Nairobi utaiona 03:00 ya tarehe 15 na utadhani mambo ni sawa. Siku Mkenya aliyeko Chicago atakapofungua ukurasa huo huo kumkatia mamake tiketi, ataona tarehe 14. Sisi tuko mbele ya UTC, kwa hiyo kosa hili hutufichia uso mpaka mtu wa upande wa pili alione.

Kwa nini nasisitiza jina, `Africa/Nairobi`, badala ya kuandika +03:00 ukamaliza? Njia yako ya Juba ni ushahidi tosha. Sudan Kusini ilikuwa na saa sawa na yetu hadi Februari 1, 2021, iliporudisha saa nyuma kwa saa moja. Mfumo uliokuwa umeandika +03:00 kwenye saa za kufika Juba ulibaki na uongo wa saa nzima; uliotumia `Africa/Juba` ulihitaji tu jedwali jipya la kanda za saa. Kigali nayo iko saa moja nyuma yetu, ilhali Kampala iko sawa na sisi. Kwenye tiketi ya Kigali, saa ya kuondoka iandike kwa saa ya Nairobi na ya kufika kwa saa ya Kigali, kisha useme hivyo kwa maneno. Hata Nairobi yenyewe haikuwa +3 tangu zamani. Enzi za ukoloni iliwahi kuwa saa mbili na dakika 30 mbele, ikawahi pia kuwa saa mbili na dakika 45. Jina la mji linabeba historia hiyo yote, namba haibebi.

Sasa 05/04/2024. Hapa nakuomba uwe mkali kuliko unavyodhani inafaa.

Niliwahi kukabidhiwa faili la malipo la chama kimoja cha akiba nilihamishie kwenye mfumo mpya. Lilikuwa limefunguliwa na kuhifadhiwa upya kwenye lahajedwali ambalo kompyuta yake ilipangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia siku. Nilichokiona kwanza kilikuwa kidogo sana: kwenye safuwima ya tarehe, baadhi ya seli zilikuwa zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Nikadhani ni mapambo. Kumbe zilizoegemea kulia ni zile ambazo programu iliweza kuzisoma kama tarehe, yaani siku ya 1 hadi ya 12, na ilizisoma kinyume: Aprili 5 ikawa Mei 4. Zilizoegemea kushoto ni siku ya 13 na kuendelea. Hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo programu iliziacha kama maandishi, zikabaki salama. Faili moja, safuwima moja, nusu imepinduliwa na nusu haikuguswa, na hakuna onyo hata moja lililotokea. Wanachama walitozwa faini za kuchelewesha mikopo waliyokuwa wameilipa kwa wakati. Tulirudisha pesa zao, lakini mpaka leo nikifungua faili lolote lenye tarehe, macho yangu yanaenda kwanza kwenye mwegemeo wa seli.

Kwa hiyo usiiruhusu maktaba yoyote ikukisie. Mwite wakala, muulize anaandikaje, kisha utaje:

```
datetime.strptime("05/04/2024", "%d/%m/%Y").date()
```

Kama maandishi hayalingani na fomati, hii itakataa na kukupa kosa, nalo kosa hilo ni rafiki yako. Mrudishie wakala mstari wake aurekebishe. Usiongeze kipande cha msimbo kinachojaribu fomati ya pili pale ya kwanza inaposhindikana. Kwa 05/04 zote mbili zitakubali, na wewe hutajua. Na usimwamini `new Date("05/04/2024")`, maana vivinjari huisoma kama Mei 4.

Hukuuliza kuhusu malipo, ila najua yanakuja, kwa sababu hakuna tiketi Nairobi bila M-Pesa. Huko kuna fomati mbili. Ujumbe anaoupata mteja unaandika tarehe kama 13/4/24, siku kwanza na mwaka kwa tarakimu mbili, kisha saa kwa AM au PM. Mfumo wa waprogramu wenyewe unatumia tarakimu 14 zilizoshikana, mfano 20240413003000: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Tarakimu hizo zinaweza kukufikia kama namba tupu, nawe ukiziona ndefu hivyo utashawishika kuzipa `new Date`, ikizichukua kama milisekunde tangu mwaka 1970. Utapata tarehe ya mwaka 2611. Zigeuze kwanza kuwa maandishi, kisha uzisome kwa `"%Y%m%d%H%M%S"`, halafu uzivalishe `Africa/Nairobi`, maana zenyewe hazina alama yoyote ya ukanda.

Ukikutana na tiketi ya 01/01/1970 saa 03:00, usihangaike kutafuta basi hilo. Ni sifuri iliyoandikwa kwa saa ya Nairobi: mahali fulani tarehe ilikosekana, ikajazwa 0. Na tarehe ikiangukia Januari 20, 1970, mtu amezichukua sekunde akazisoma kama milisekunde. Sekunde za basi letu, tangu mwanzo wa 1970, ni 1712957400. Zipe `new Date` bila kuzizidisha kwa 1000 ujionee.

Tufike kwenye "saa nne usiku". Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu maktaba hazitusaidii. Ukiiomba `Intl.DateTimeFormat` ya JavaScript iandike kwa `sw-KE`, yaani Kiswahili cha Kenya, itakupa Jumamosi na Aprili vizuri kabisa, lakini saa itabaki ya kizungu. Hesabu ya saa zetu, inayoanza jua linapochomoza, lazima uiandike mwenyewe. Kutoka kwenye saa ya mashine kwenda kwenye saa ya Kiswahili ni rahisi:

```
saa_yetu = (saa + 6) % 12 or 12
```

Saa 7 inakuwa moja, 22 inakuwa nne, 0 inakuwa sita, 18 inakuwa kumi na mbili. Wengine huandika `saa - 6`. Kwa Python itafanya kazi, lakini kwenye JavaScript baki ya namba hasi ni hasi pia, na saa sita usiku itatoka ikiwa -6. Jumlisha, usitoe.

Kurudi upande wa pili ndiko kwenye kazi, maana "saa nne" peke yake ni 10:00 na pia ni 22:00. Lazima upate neno la kipindi, na hapo saa kumi na mbili ina mtego wake:

```
def saa_ya_mashine(n, kipindi):
    if kipindi in ("usiku", "alfajiri"):
        return (n + 18) % 24
    if kipindi == "asubuhi" and n >= 10:
        return (n + 18) % 24
    if kipindi == "jioni" and n == 1:
        return 19
    return n + 6
```

Saa nne usiku: 4 na 18 ni 22. Saa saba usiku: 25, ukitoa 24 unabaki na 1. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00, lakini saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, na bila ule mstari wa `n >= 10` abiria wako wa alfajiri wangewekwa kwenye basi la jioni. Mstari wa `jioni` upo kwa sababu watu wengi husema "saa moja jioni" wakimaanisha 19:00. Wasikilize abiria wako kwa wiki moja, soma jumbe zao halisi, uongeze wanayoyasema. Kuna na robo, na nusu, na kasorobo. Kasorobo itoe mwishoni, ukiwa umeshika tarehe kamili mkononi: saa sita kasorobo usiku ni 23:45, na ukitoa dakika 15 kutoka 00:00 lazima tarehe nayo irudi nyuma siku moja.

Kuna pia anayeandika "10 usiku". Anaweza kuwa amesoma simu yake, akimaanisha 22:00. Anaweza kuwa anasema saa kumi usiku, yaani 04:00. Mimi huamua hivi: namba yenye nukta mbili, kama 10:00, au yenye AM na PM, ni saa ya simu, saa iliyoandikwa kwa maneno ni ya Kiswahili, namba tupu sikisii, namrudishia swali. "Unataka basi la 22:00 (saa nne usiku)? Jibu 1." Ujumbe mmoja wa ziada ni bei ndogo sana kuliko kiti kilichopotea. Hata akiandika vizuri, mthibitishie kwa saa zote mbili, ili akiwa amekosea aone mwenyewe.

Nguvu zako nyingi ziweke kwenye jina la siku. Abiria akikuambia "Ijumaa usiku, saa sita na nusu", anamaanisha usiku upi? Kijana wa Nairobi anamaanisha usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, yaani Jumamosi 00:30. Mzee wa Mombasa aliyelelewa na hesabu ya zamani, ambapo siku mpya inaanza jua linapotua, usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani usiku baada ya mchana wa Alhamisi. Basi lako linawabeba wote wawili, na hakuna aliyekosea. Lugha yenyewe imetupa njia ya kutoka: usiku wa kuamkia. Iandike kwenye kila tiketi ya kuanzia 00:00 hadi 04:59:

> Basi: 00:30, saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 13, 2024. Fika steji Ijumaa saa tano na nusu usiku (23:30).

Huo mstari wa kufika steji usiuache. Ndio unaomwambia mtu atoke nyumbani siku gani, na siku hiyo si ile iliyo kwenye tarehe ya basi.

Majina ya siku na miezi yaweke kwenye jedwali lako mwenyewe badala ya kutegemea `%A`, ambayo hufuata lugha iliyowekwa kwenye seva. Angalia tu hesabu: kwetu Jumatatu ni siku ya tatu tangu Jumamosi, kwa `weekday()` ya Python ni 0, kwa `getDay()` ya JavaScript ni 1.

Kama programu ya simu ya mawakala imeandikwa kwa Java, tafuta `YYYY` kwenye fomati zake leo, kabla ya msimu wa Krismasi. Herufi kubwa zinamaanisha mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo nzima inahesabiwa kuwa yake. Desemba 30, 2024 ukiiandika hivyo inatoka 2025, katika siku zile zile ambazo nusu ya Nairobi iko safarini. Tumia `yyyy`. Vivyo hivyo `MM` ni mwezi na `mm` ni dakika.

Imebaki data ambayo tayari imeharibika. Usiigeuze yote kwa amri moja ya "ongeza saa tatu", maana rekodi nyingine ziko sawa na utazivunja. Nakili jedwali kwanza. Kisha chukua tiketi za 00:00 hadi 02:59 peke yake, uzilinganishe na saa ya malipo: malipo hufanyika kabla ya safari, kwa hiyo tiketi ambayo basi lake "liliondoka" kabla pesa haijalipwa ina tarehe ya jana kwa hakika. Hizo rekebisha. Zilizobaki na shaka, na ambazo safari yake bado haijafika, wapigie abiria simu uwaulize wanasafiri usiku wa kuamkia siku gani.